Drafti imerudi na komenti 60, sasa uanzie wapi?

Umekaa na makala yako ya utafiti miezi nane, umepima, umerudia kupima, umechora grafu zikakataa ukachora tena, alafu siku moja unajikaza unaituma kwa wenzio watano kwenye kikundi, unawaambia jamani naomba mniangalizie. Wiki mbili kimya. Wiki ya tatu faili linarudi na komenti 60. Ya kwanza inasema hapa weka koma. Ya pili inauliza kwa nini umechagua modeli hii na sio ile nyingine. Ya tatu inasema grafu haisomeki. Ya 17 ina maneno matatu tu, "hii ni kweli?", na wala hujui "hii" ni sentensi, ni aya, au ni makala nzima, na aliyeiandika ndo mwenye uzoefu kuliko wote na yuko safarini.

Hapo watu huwa wanaangukia upande mmoja kati ya mbili. Kuna anayeshuka juu mpaka chini kama mtu anayefua nguo, komenti ya kwanza anarekebisha, ya pili anarekebisha, mpaka akifika mwisho makala imeshakuwa ya watu watano na haina mwenyewe. Na kuna anayenuna, anasoma tatu za mwanzo anafunga kompyuta, anasema hawa hawajaelewa kitu. Mimi nimeshakuwa wote wawili, tena kwenye makala moja, asubuhi nimenuna jioni nafua.

Tatizo la hao wote ni lile lile, wanachukulia komenti ni amri, mmoja anaitii mwingine anaigomea. Ila komenti sio amri, na wala sio hukumu. Komenti ni kipimo. Makala ndo kitu kinachopimwa, msomaji ndo kifaa, na kile alichokiandika pembeni ndo namba iliyosomeka kwenye kifaa. Na mtu wa fizikia ndo wa mwisho kabisa kusamehewa akilisahau hili, maana tangu siku ya kwanza maabara amefundishwa kutenganisha kile kilichosomeka na maelezo ya kwa nini kimesomeka hivyo.

Angalia mfano. Mwenzio anaandika: "futa aya hii, haina kazi". Hapo ndani kuna vitu viwili vimefungwa pamoja. Cha kwanza ni kwamba alipofika kwenye aya hii hakuona kazi yake, hilo ni tukio, limetokea, huwezi kubishana nalo. Cha pili ni ushauri wake kwamba ifutwe, hiyo ni tafsiri yake yeye. Kumbe aya ina kazi kubwa sana, ndo inayoeleza dhana ambayo mlinganyo wa ukurasa wa saba unaitegemea, ila hukumwambia hivyo, kwa hiyo akapita hapo kama mtu aliyepita mbele ya mlango uliofungwa. Dawa sio kufuta, dawa ni sentensi moja mwanzoni mwa aya inayosema hii tutaihitaji mbele. Kwa uzoefu wangu msomaji anapokwambia panauma wapi huwa yuko sahihi karibu kila mara, ila anapokwambia umeze dawa gani hukosea mara nyingi tu, na sio kosa lake, wewe ndo unayejua mwili wote wa makala yeye ameona ngozi.

Kisa ambacho mimi nakipenda kuhusu jambo hili ni cha 1913. Niels Bohr, mwanafizikia kijana wa miaka 27, alimtumia Ernest Rutherford, profesa wa fizikia kule Manchester, drafti ya sehemu ya kwanza ya makala yake kuhusu muundo wa atomu, ile ambayo elektroni zinakaa kwenye njia maalum na kuruka kutoka moja kwenda nyingine. Rutherford alijibu mwezi Machi, na kwenye barua hiyo hiyo moja kuna maoni ya aina mbili zilizo mbali kabisa. La kwanza lilikuwa swali: elektroni ikiwa inatoka njia moja kwenda nyingine, inajuaje itetemeke kwa masafa gani (yaani mara ngapi kwa sekunde), si itabidi iwe inajua mapema itaishia wapi? La pili lilikuwa makala ni ndefu mno, ipunguzwe, na Rutherford alikuwa tayari kukata mwenyewe.

Sasa ona Bohr alivyofanya. Kuhusu urefu alipanda meli akaenda mpaka Manchester, akakaa na Rutherford jioni kadhaa anatetea kila kipande, na mwishowe mzee akakubali makala ibaki ilivyo, ikatoka kwenye jarida la Philosophical Magazine mwezi Julai mwaka huo huo. Lile swali la elektroni hakulijibu, kwa sababu halikuwa na jibu, fizikia ya kulijibu ilikuwa bado haijazaliwa, ilibidi isubiri miaka ya 1920 na mekanika ya kwanta, yaani fizikia mpya ya vitu vidogo kama atomu. Kwa hiyo komenti moja ilikuwa ya kukataliwa na nyingine ilikuwa imegusa ukingo wa nadharia yenyewe, na kwa mtu anayesoma haraka zote mbili zinaonekana ni "malalamiko ya Rutherford". Ukizitendea sawa umekwisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla hujagusa hata koma ni kupanga. Mimi nazipanga kwa swali moja tu: komenti hii ikiwa sahihi, kitabadilika nini? Zipo ambazo zikiwa sahihi matokeo yanaanguka. Zipo ambazo matokeo yanabaki ila unachodai juu yake kinapungua. Zipo ambazo zinabadilisha mpangilio tu, na zipo za koma. Za koma nazimaliza kwa nusu saa siku ambayo kichwa kimechoka. Za matokeo kuanguka nazianza asubuhi, hata kama nadhani mwenzangu amekosea, hasa nikidhani amekosea.

Hilo kundi la pili, la unachodai, ndo lenye mambo mengi na ndo watu wapya hawalioni kabisa, wanadhani ni ugomvi wa maneno. Umeandika "matokeo yetu yanathibitisha kwamba", mwenzio anakufutia anaandika "yanaendana na". Unaona kama anakuonea wivu. Lakini kati ya maneno hayo mawili kuna umbali mkubwa sana. Data kuendana na nadharia maana yake nadharia haijapigwa chini, na nadharia nyingine kumi zinaweza kuwa hazijapigwa chini pia. Kuthibitisha maana yake umezifungia mlango zote hizo kumi. Je umezifungia? Kama hujazitaja hata moja kwenye makala, basi mwenzio ana haki.

Kwenye fizikia ya chembe hili limefikia mpaka kuwa na ngazi zake. Wanapima kwa sigma, yaani ishara imeizidi kelele (kuyumba kwa bahati tu) kwa kiasi gani. Kwa desturi yao ukiwa na ishara ya sigma 3 unasema una ushahidi wa kitu, na ukifika sigma 5 ndo unasema umekiona. Sigma 3 maana yake, kama hakuna kitu chochote kipya, uwezekano wa kelele peke yake kukupa ishara kubwa hivyo ni kama mara 1 kwa 740. Sigma 5 ni kama mara 1 kwa milioni 3.5. Ukitaka kuona neno moja lilivyo na uzito angalia kwaki ya juu (top quark), chembe iliyotafutwa kule Fermilab, maabara ya Marekani. Mwaka 1994 timu moja ya pale, CDF, ilikuwa na ishara ya sigma 2.8, kichwa cha makala yao kikasema ushahidi. Mwaka 1995 data ikaongezeka, CDF wakafika 4.8 na wenzao wa timu ya pili, D0, wakafika 4.6, vichwa vya makala vikabadilika vikasema wameiona. Kitu ni kile kile, mashine ile ile, ila neno lilisubiri karibu mwaka mzima. (Na mwenye macho ameshaona kwamba 2.8 sio 3 na 4.8 sio 5, ngazi hizi ni desturi ya watu, hazikushuka kutoka mbinguni.)

Ndugu wa karibu wa hilo ni komenti inayouliza: hiyo kosa ya kipimo umeipata wapi? Umeandika 3.4172 alafu mbele yake jumlisha au toa 0.2. Msomaji wa kwanza atakwambia punguza tarakimu, kama hujui hata ile ya kwanza baada ya nukta vizuri, zile tatu za nyuma ni mapambo. Sawa, hiyo ni rahisi. Msomaji mzuri zaidi atauliza 0.2 imetoka wapi, na hapo ndo jasho linaanza. Kwa sababu kuna kosa linaloruka huku na huku kila ukipima, na hilo linapungua ukirudia, ukipima mara 100 linapungua mara 10, ukipima mara 10,000 linapungua mara 100. Alafu kuna kosa linalovuta upande mmoja tu. Kama rula yako ni fupi kwa asilimia moja, pima mara milioni, itakuwa fupi kwa asilimia moja mara milioni, na grafu yako itapendeza kweli kweli huku yote imehama. Kosa la kwanza hesabu inakuonyesha. La pili hesabu haikuonyeshi, linaonekana kwa mtu kuuliza rula mliihakiki na nini? Yaani hii ndo sababu kubwa kuliko zote ya kumpa mwenzio drafti, kuna makosa ambayo kurudia hakuyaoni, na mwandishi ndo mtu anayerudia kuliko wote, ameisoma makala yake mara 40. Nyani haoni kundule, hata akipewa rungu la takwimu.

Sasa kama msomaji ni kifaa, kila kifaa kina anachokiona na asichokiona. Mtu wa maabara atakuona pale ulipopita haraka kwenye namna ya kuhakiki vifaa. Mtu wa nadharia ataona dhana uliyoichukulia kimya kimya. Mtu wa tawi lingine kabisa la fizikia ataona kwamba utangulizi wako unaeleweka na watu wanane duniani. Na mwanafunzi aliyeingia kikundi mwezi uliopita ataona kwamba herufi τ kwenye mlinganyo wa 3 haijawahi kutambulishwa popote, wewe umeizoea mpaka unaiona kama jina la ndugu yako. Kuwapa drafti watu watano wanaofanana ni kupima joto kwa vipimajoto vitano vya kiwanda kimoja, vikikubaliana hujajifunza kitu kikubwa.

Huyo mwanafunzi mpya nikae naye kidogo. Kwenye makala moja tuliyokuwa tunaandika, komenti ya 41 kati ya hamsini na kitu iliandikwa na mdogo wetu kuliko wote, tena kwa kuomba radhi: samahani labda sijaelewa, ila naona jedwali la 2 lina masafa kwa hertz na mlinganyo wa 5 unataka radiani kwa sekunde. Iliyotangulia hapo ni ya mkubwa mmoja anataka rangi ya grafu ibadilishwe, iliyofuata ni ya nafasi kati ya namba na kizio. Ya 41 peke yake ilikuwa inasema tumekosea mara 6.28, maana kati ya hertz na radiani kwa sekunde kuna 2π. Na ilikuwa kweli. Tuliobaki wote tulishalipita hilo jedwali, wakubwa kwa wadogo. Rangi ya grafu ilijadiliwa wiki nzima, hiyo 41 nusura ipite kwa sababu ilianza na samahani.

Kwa hiyo nikiona "labda sijaelewa" siku hizi nasimama kabisa. Watu wadogo wanaifunga komenti nzito ndani ya adabu, wakubwa wanaitoa nyepesi kwa sauti ya radi, na ukizisoma kwa sauti badala ya maudhui utapanga foleni kinyume. Tuseme ukweli, komenti ya supavaiza itatekelezwa hata kama ni ya ladha tu, hakuna wa kubisha sana hapo, maisha yana mengi. Lakini walau muulize: hii ni lazima au ni vile wewe ungeandika? Wengi wakiulizwa hivyo wanacheka, wanasema ah hiyo achana nayo.

Kuna swali la watu wangapi wamesema. Watatu wakikwama sehemu moja, hata kila mmoja akiwa na sababu yake na kila mmoja akitaka dawa yake, hapo pana tatizo, usihangaike kuamua nani yuko sahihi kati yao, rudi uandike upya pale. Hilo ni kosa linalovuta upande mmoja, vifaa vitatu vimehama kuelekea kule kule. Mmoja akikwama peke yake inaweza kuwa kelele, alikuwa amechoka, alikuwa anasoma kwenye simu. Ila usije ukageuza hilo kuwa kura. Ya 41 ilikuwa ya mtu mmoja. Kwenye mambo ya uandishi hesabu vichwa, kwenye mambo ya fizikia vichwa havihesabiwi, unakaa chini unapiga hesabu.

Upande wa anayetoa maoni nako kuna kazi, na wengi hatujawahi kufundishwa. Ukipewa drafti uliza kwanza iko hatua gani. Drafti ya kwanza haihitaji koma zako, aya yenyewe inaweza isiwepo kesho. Drafti inayotumwa jaridani keshokutwa haihitaji uniambie mngetumia mbinu nyingine kabisa, isipokuwa kama umeona kosa, hapo piga kelele hata kama ni saa sita usiku. Alafu andika kilichokutokea wewe kama msomaji: hapa nilipotea, hapa nilidhani mnasema A kumbe ni B, hii grafu niliiangalia dakika mbili sikujua niangalie nini. Hicho ni kipimo safi. Kumuandikia mtu sentensi zake upya kwa mtindo wako ni kama kifaa kinachobadilisha sampuli badala ya kuipima. Na komenti ya "hii ni kweli?" bila kusema hii ni ipi, hiyo, bwana, bora usiandike.

Tena usimpe mtu komenti za kuongeza tu. Kila mtu anataka uongeze, ongeza rejea hii, eleza zaidi hapa, weka grafu ya yule, hakuna hata mmoja anayesema toa nini. Makala fupi ya jarida la Physical Review Letters ina kikomo cha maneno 3,750, na nimeona drafti iliyoingia kwa wenzetu ikiwa na 3,600 ikatoka na 4,900, kila nyongeza ilikuwa ya maana ukiiangalia peke yake. Ukitaka mtu aongeze aya, mwambie na aya ya kutoa.

Kwenye timu kubwa mambo haya yamekuwa kama mashine. Pale CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, timu za ATLAS na CMS kila moja ina waandishi kama elfu tatu. Makala ya 2015 ambayo timu hizo mbili ziliunganisha vipimo vya uzito wa chembe ya Higgs ina waandishi 5,154, ina kurasa 33 na 24 kati yake ni majina na taasisi zao tu. Huwezi kutuma faili kwa watu elfu tano ukasema niangalizieni. Kwa hiyo kuna kamati ndogo ya ndani inayoikagua kazi kabla, alafu drafti inafunguliwa kwa timu nzima kwa muda maalum, na waandishi wanatakiwa kujibu maoni kwa maandishi, ama tumerekebisha, ama hatukubaliani kwa sababu hii. Mwandishi mmoja mwenye makala yake ya kurasa sita anaweza kuiba hilo la mwisho bila gharama yoyote. Jibu kila komenti kwa maandishi, hata mstari mmoja. Ile nguvu ya kununa inaisha, kwa sababu ukilazimika kuandika kwa nini unaikataa komenti, mara nyingine katikati ya sentensi unagundua huna sababu.

Watu wa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga na wakati inayotoka kwenye vitu vizito sana, walienda mbali zaidi, walijipima wenyewe. Septemba 2010 vifaa vya LIGO (Marekani) na Virgo (Italia), vya kunasa mawimbi hayo, vilinasa ishara safi kabisa, kana kwamba imetoka upande wa kundinyota la Mbwa Mkubwa. Wote walijua kwamba kuna watu wachache wameruhusiwa kupachika ishara feki kwa siri, ila hakuna aliyejua kama hii ni feki au la. Wakafanya kazi yote kana kwamba ni ya kweli, uchambuzi, mabishano, mpaka makala ikaandikwa yote na maoni ya timu yakapita juu yake. Machi 2011 wakakutana Arcadia, California, bahasha ikafunguliwa, ilikuwa feki. Makala haikutumwa jaridani. Wengine wanaona ni muda uliopotea, mimi naona ni kikundi pekee nilichowahi kusikia ambacho kilihakiki mchakato wake wa kutoa maoni kama vile unavyohakiki mizani kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Ishara ya kweli ilipokuja Septemba 2015 walichukua miezi mitano tu mpaka makala kutoka, Februari 11, 2016, ikiwa na waandishi zaidi ya elfu moja.

Na mawimbi hayo hayo yana kisa kingine cha zamani. Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen walipeleka kwenye jarida la Physical Review makala iliyokuwa inasema mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri John Tate akampa mtaalam aikague, ikarudi na kurasa kumi za maoni. Einstein alichukia, akajibu kwamba yeye alituma makala ichapwe na hakumpa mtu ruhusa ya kuwaonyesha wataalam kabla haijachapwa, akaiondoa. Baadaye mwaka huo, pale Princeton, mwanafizikia Howard Percy Robertson alikaa kwa urafiki tu na Leopold Infeld, msaidizi mpya wa Einstein, akamuonyesha kosa liko wapi, Infeld akalifikisha, na makala ikabadilishwa hitimisho. Ikatoka 1937 kwenye jarida lingine, ikiwa sasa na mawimbi ndani yake. Robertson ndo alikuwa yule mtaalam wa siri, jambo ambalo lilikuja kuwekwa wazi 2005. Hoja ile ile, kichwa kile kile: kwenye karatasi ya mhariri ilikuwa matusi, kwenye mazungumzo ya wenzio ikawa msaada. Ndo maana nasema maoni ya wenzio kabla ya kutuma sio mazoezi ya ukaguzi wa jarida, ni kitu kingine, yanapita njia ambayo barua ya mtu asiyejulikana haiwezi kupita.

Lakini maoni hayo usiyape kazi yasiyoiweza. Msomaji anapima makala, hapimi maabara yako. Septemba 23, 2011 timu ya OPERA ilitangaza kwamba nutrino, chembe ndogo sana zinazopenya karibu kila kitu, zilizotoka CERN kwenda maabara ya Gran Sasso, Italia, kilomita kama 730, zilifika nanosekunde 60 kabla ya wakati ambao mwanga ungefika. Ukiisoma kama makala, ilikuwa imeandikwa kwa adabu kuliko nyingi. Kichwa chake kilisema kipimo cha kasi ya nutrino, hakikusema zimeupita mwanga. Kosa zote zilihesabiwa, ishara ilikuwa sigma 6, na mwishoni wakakataa kwa makusudi kutoa tafsiri yoyote ya kinadharia. Ungenipa drafti ile mimi ningeandika nini? Koma. Tatizo lilikuwa kwenye kiunganishi cha kebo ya nyuzi za mwanga kilichokuwa hakijakazwa vizuri, na saa yenye kasoro, na mapema 2012 ndo ikajulikana. Hakuna sentensi kwenye makala inayoweza kukuonyesha kebo iliyolegea.

Ila kuna maoni yaliyotolewa hata pale, na hayakuandikwa pembeni ya ukurasa: baadhi ya wanatimu waliomba majina yao yasiwekwe. Hawakuwa na kebo mkononi, walikuwa na wasiwasi tu kwamba vipimo zaidi vifanyike kwanza. Jina kwenye orodha ya waandishi ndo komenti ya mwisho ambayo mwenzio anaitoa, inasema nimeisoma na nasimama nayo, kwa hiyo ukimaliza kurekebisha zile 60 usitume jaridani kabla hujawarudishia wote toleo la mwisho na kusubiri kila mmoja aseme ndiyo kwa maandishi, sio kimya. Hivyo hivyo kwa wale unaowashukuru kule mwishoni. Waulize kwanza, kuna mtu alikusaidia kwa kukwambia hitimisho lako sio sahihi, wewe ukabaki nalo, na sasa hataki jina lake lionekane chini yake.